Safu ya Msiba

Duka langu la vifaa vya ujenzi liko kwenye barabara inayotoka mochwari. Kiwanja kile nilikipata kwa bei nafuu kwa sababu wengine waliogopa kukaa njia hiyo. Mtu akitoka kuulizia mwili wa ndugu yake, duka la kwanza lenye mbao za sanduku na saruji ya kaburi ni letu. Miaka ya mwanzo watu wa hapa Bariadi walisema ninanenepa kwa vifo vya wenzangu. Walisema huku wakicheka, lakini walisema. Nikaamua kwamba mwenye msiba atapunguziwa asilimia kumi kwa kila kitu, bila kuulizwa cheti wala barua ya mtendaji.

Naandika hivi ili ieleweke tangu hapa: bei ya msiba haikutokana na wema wangu. Ilitokana na woga wa maneno. Ila mazoea nayo yana nguvu. Baada ya miaka mingi watu wa Nkololo na Mwamapalala walikuwa wanayapita maduka mengine wakija kwangu, wakisema, “Kwa yule mzee wa msiba.” Jina hilo sikulipenda, lakini nililibeba.

Bei hizo zilikaa kichwani mwangu. Mtu akiniambia amefiwa, nilikata palepale, nikaandika, tukamaliza. Kisha duka likakua, tukaingia kwenye VAT, na binti yangu, ambaye ni mhasibu aliyesomea Mwanza, akarudi kunisaidia. Alikuja na kompyuta na begi la mafaili.

“Baba, kuanzia sasa bei inatoka humu,” aliniambia, akigonga kifuniko cha kompyuta kwa kucha.

“Na bei ya msiba?”

“Msiba hauingii kwenye kompyuta.”

“Nani kasema?”

“Watu wanadanganya, baba. Siku hizi kila anayejenga choo amefiwa.”

“Basi vyoo vya Bariadi vitakuwa na mizimu.”

Hakucheka. Aliniambia kwamba mfuko mmoja wa saruji hauwezi kuuzwa kwa bei mbili siku moja bila maelezo, na kwamba watu wa kodi wakiuliza, hatuwezi kuwajibu kwa hadithi. Nilimuuliza kama sheria inakataza kumpunguzia mtu. Akasema haikatazi, mradi punguzo lionekane kwenye risiti na kodi ihesabiwe kwenye pesa iliyolipwa kweli. Nikamwambia basi nitaliingiza mwenyewe. Akanitazama kama mtu aliyesikia ng'ombe anaomba kuendesha trekta.

Elimu yangu ni kidato cha nne, cha zamani. Kompyuta sikuwa nimeigusa. Nilijifunza ekseli kwa video za simu, ambazo watu wake wanaongea mbio utafikiri wanafukuzwa, nikawa nazirudisha nyuma mpaka kifurushi kinakwisha. Fomula niliyoitafuta inaitwa IF. Mimi tangu siku ya kwanza niliiita Kama. Ina vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni swali. Cha pili ni jibu la kutoa ikiwa swali ni kweli. Cha tatu ni jibu la kutoa ikiwa si kweli. Niliielewa haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiuza maisha yangu yote: kama amefiwa, mpunguzie, kama hajafiwa, mwache na bei yake.

Niliongeza safu, nikaiandika juu yake Msiba. Nilipanga kwamba mwenye msiba nitamwandikia Ndiyo, na asiye na msiba nitaacha pakiwa patupu. Halafu nikatunga fomula yangu:

=IF(D2="Ndiyo",C2*0.9,C2)

Maana yake, kama kwenye D2 pameandikwa Ndiyo, chukua bei iliyoko C2 uizidishe kwa 0.9, la sivyo, acha bei ilivyo. Safu iliyofuata ilizidisha bei kwa asilimia kumi na nane za kodi, na ya mwisho ikajumlisha.

Binti yangu alikuja kuikagua, akasimama nyuma ya bega langu.

“Hii kodi umeitoa kwenye bei gani?”

“Kwenye bei.”

“Ile kabla ya punguzo. Umempunguzia mfiwa bei, halafu unamtoza kodi ya pesa ambayo hajalipa.”

Nilitazama, na kweli. Nikarekebisha. Kisha likaja punguzo la wanaonunua saruji nyingi. Ubaoni tuliandika “kuanzia mifuko ishirini”, na mimi kwenye fomula nikaweka alama ya zaidi ya ishirini. Fundi mmoja akanunua ishirini kamili, hakupunguziwa, akapiga kelele mpaka ng'ambo ya barabara. Hilo nililigundua na kulirekebisha peke yangu. Ndipo kichwa kikaanza kuvimba. Nilikuwa nawaita wateja waje upande wangu wa kaunta waone namba zinavyobadilika. Binti yangu akaacha kunikagua, nami nikalihesabu hilo kuwa ushindi.

Msimu wa pamba ulipofika, duka lilijaa. Watu walikuja na pesa ya mauzo wakitaka mabati na misumari, na mimi niliandika kwa haraka. Katikati ya haraka hiyo alikuja mwanamume wa makamo kutoka Mwamapalala. Mama yake alikuwa amefariki, alitaka mbao, misumari na saruji. Nikaandika, nikatoa risiti, akaitazama kwa muda.

“Mzee, hii ndiyo bei ya msiba?”

“Kompyuta haikosei, bwana. Imeshapunguza.”

“Nauliza tu.”

“Na mimi nakujibu. Imeshapunguza. Pole sana.”

Akashukuru, akapakia vitu vyake. Alishukuru. Hilo linanichoma zaidi ya yote yaliyofuata.

Alirudi siku chache baadaye, mchana, watu wakiwa wengi. Alinisalimu kwa Kisukuma, kwa adabu ya nyumbani anayosalimiwa nayo mzee.

“Mwadila, namhala.”

“Mwadila.”

“Nina swali moja.” Akaweka risiti mbili kwenye kaunta, moja kando ya nyingine. “Hii ni ya jirani yangu. Alimzika baba yake kabla yangu. Mbao hizihizi, saruji hiihii, duka hilihili. Yeye kapunguziwa, mimi hapana. Nieleze tu. Mama yangu hakufa vizuri?”

Fundi aliyekuwa anachagua bawaba akaacha kuchagua.

“Wewe ulilipa bei ya msiba,” nilisema.

“Soma.”

“Kompyuta ili…”

“Usinisomee kompyuta. Soma karatasi.”

Nilisoma. Ilikuwa bei kamili, na kodi yake kamili. Nikasema, na ningependa kuandika kwamba nilisema kitu kingine, lakini nilisema hivi: “Labda hukunieleza vizuri siku ile.”

“Nilikueleza. Ukanipa pole. Au ulitaka tumlete hapa umwone?” Akakunja risiti zake. “Wewe na kompyuta yako ni mtu mmoja.” Akatoka.

Nilifungua jedwali. Nilikuwa na hakika nitakuta fomula imefutika, au binti yangu ameigusa. Fomula ilikuwa palepale, nzima. Nikashuka na safu ya Msiba mstari kwa mstari. Ndiyo. Ndiyo. Ndio. Ndiyo. Ndio. Ndio.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuandika ndiyo kwa y, na aliyeisahau alikumbushwa kwa fimbo. Nilipotunga fomula, nimetulia, niliandika kwa mkono wa shule. Kwenye kaunta, watu wakisukumana, niliandika kwa mkono wa nyumbani. Kompyuta haijali herufi kubwa na ndogo, lakini neno lililopungukiwa herufi kwake ni neno jingine. Na haikunigombeza. Haikuwasha taa nyekundu wala kuandika kwamba haijaelewa. Ilisoma Ndio, ikaona si Ndiyo, ikahamia chumba cha tatu na kutoa bei kamili. Nami niliyekuwa nimesimama mbele yake nikampa mtu pole na kumtoza kila kitu.

Nilimwita binti yangu nikamwonyesha. Sikuficha mstari hata mmoja. Alitazama, akavuta kiti, akakaa.

“Tuifute hii safu, baba.”

“Hapana.”

“Nisikilize kwanza. Duka lisilopunguza haliaibiki. Duka linalosema linapunguza halafu halipunguzi, huo ni wizi.”

“Ni wizi, sikatai. Lakini aliyeiba ni mimi, siyo safu.”

“Umri wako…”

“Umri wangu haukuandika Ndio. Niliandika mimi, kwa kiburi, bila kusoma risiti ninayompa mtu. Nitukane kwa hilo, una haki. Bei ya msiba usiiguse.”

“Hii siyo biashara.”

“Ni biashara yangu.”

Tulipandishiana sauti mpaka jirani muuza rangi akachungulia. Mwishoni binti yangu akasema nina mpaka Jumatatu asubuhi. Kama nitakuwa sijapata njia ambayo haiwezi kumdhulumu mfiwa mwingine, ataifuta safu kwa mkono wake, na kwenye kaunta atakaa yeye. Kompyuta ni yake, hesabu za kodi anaziwasilisha yeye. Niliona anaweza, na niliona hatanii.

Nilianza kuwatafuta niliowadhulumu. Wengine walikuwa wameacha namba za simu. Niliwapigia, wakaja, nikawarudishia, na hakuna aliyekosa neno la kuniambia. Mmoja, mzee aliyesema tu kwamba anatoka njia ya Mkula, sijampata mpaka leo. Naikumbuka kofia yake, jina sikuliuliza. Deni hilo nitakufa nalo, na sitaki mtu aniambie ni dogo.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda Mwamapalala. Nilimkuta yule mwanamume nyumbani kwao na ndugu zake, wanamalizia kusakafia kaburi la mama yao. Nilimvuta kando nikatoa bahasha.

“Hapana,” alisema. “Usinipe pembeni kama rushwa. Ulinidanganya mbele ya watu. Sema mbele ya watu.”

Basi nilisema. Nilisimama kando ya kaburi lile bichi, mafundi wakiwa wameshika miiko yao, nikaeleza kwamba marehemu hakupunguziwa kwa sababu niliandika neno moja vibaya, na kwamba alipouliza mwanawe nilimjibu kwa jeuri. Mama mdogo wake, dada wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ulikosea neno zima?”

“Herufi moja, mayu,” nilisema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

“Moja tu?”

“Moja.”

“Ikoje hiyo herufi?”

Nikaokota kijiti nikachora y kubwa mavumbini. Akaiinamia.

“Hii si manati?”

Mtu mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa.

“Kumbe dada yangu kapigwa manati,” alisema yule mama, na hapo wote wakaangua kicheko, hata mwana wa marehemu, akiwa amejishika kiuno na machozi yanamtoka, sijui ni ya kicheko au ya yale mengine. Mimi nilisimama na kijiti changu. Ilikuwa haki yao.

Walipotulia, yule mama akaniuliza tena, safari hii bila mzaha. “Mimi sijasoma. Nikija kwako nimefiwa, nitakujibu ‘ee’. Hiyo mashine yako inaijua ‘ee’?”

“Haiijui, mayu.”

“Sasa mtu anakuja analia, wewe unaanza kumpima anavyosema ndiyo?”

“Mwandishi ni mimi, siyo yeye.”

“Basi unajipima mwenyewe, na unaanguka.”

Yule mwanamume akaipokea bahasha, hakuifungua, akampa mama yake mdogo. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuuliza. Alinionyesha ndoo ya maji ninawe mikono, nikakaa nao mpaka sakafu ikaanza kushika.

Njiani kurudi sikusikia hata dereva alichokuwa anasema. Nilikuwa nimeendelea kufikiri kwamba kosa langu ni tahajia, na kwamba dawa yake ni kuwa mwangalifu zaidi. Lakini mwangalifu gani huyo, kwenye msimu wa pamba, na macho haya? Kosa lilikuwa kwenye swali nililoiuliza fomula. Niliiuliza kama neno lililoandikwa ni sahihi. Nilipaswa kuiuliza kama kuna neno.

Jumatatu nilifika dukani kabla ya binti yangu, nikabadilisha chumba cha kwanza:

=IF(D2<>"",C2*0.9,C2)

Kama D2 si tupu, punguza. Basi. Sikuweka neno la kulinganisha. Niliandika Ndiyo, ikapunguza. Ndio, ikapunguza. Niliandika ee, ikapunguza, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Binti yangu alipofika alivuta kompyuta upande wake akaisoma fomula.

“Baba, kuna njia bora zaidi. Naweka orodha ndogo hapa, unabonyeza Ndiyo au Hapana, huwezi kukosea herufi.”

“Najua. Nimeiona kwenye video.”

“Sasa?”

“Siitaki.”

“Kwa nini?”

“Nimeshakosea kwa kuwa mkali pasipohitaji ukali. Safari hii, nikikosea, nikosee upande wa pili.”

“Lakini hii inapunguza hata ukiandika ‘hapana’.”

“Nani ataandika hapana kwenye safu ya msiba?”

“Wewe.”

Akaandika neno uongo kwenye D2, kwa makusudi, akabonyeza. Bei ikashuka.

“Ona,” alisema. “Mwongo naye kapunguziwa.”

“Apunguziwe. Mtu anayemzika mama yake kwa mdomo ili apate misumari ana shida kubwa kuliko asilimia kumi. Na kodi imeihesabu sawasawa, iangalie.”

Aliiangalia. Alipiga hesabu kwa kikokotoo chake, mstari wa kwanza, wa pili, akabadilisha bei, akajaribu tena. Ilikuwa sawasawa. Akasema kwamba hesabu si ubishi wake, ubishi wake ni duka, na kwamba duka haliendeshwi kwa kuamini. Nikamwambia ataendesha hivyo la kwake. Akasema, “Sawa, naifuta,” akaweka kishale juu ya safu. Mimi nikaweka kiganja changu juu ya kompyuta, mtu mzima na akili zangu, kama mtoto anayezuia sahani. Tulikuwa tumesimama hivyo mwanamke alipoingia.

Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, miguu ina vumbi. Hakusalimu. Alitaja misumari, akataja mbao, na binti yangu, ambaye kaunta sasa ilikuwa yake, akamuuliza za urefu gani.

“Futi tatu.”

Binti yangu akanyanyua uso. Sanduku la mtu mzima halitoki kwenye mbao za futi tatu. Mwanamke hakusema amefiwa, hakuomba bei yoyote. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi na barabara ya mochwari ilionekana mpaka kona.

“Futi tatu,” alirudia, akadhani hajasikika.

Niliondoa kiganja changu. Binti yangu aliandika mbao, akaandika misumari, na alipofika kwenye safu ya Msiba vidole vyake vikasimama kidogo. Kisha akaandika pole. Herufi nne, akabonyeza, bei ikashuka, kodi ikashuka nayo, mashine ikatoa risiti. Akaisoma yote kabla ya kumkabidhi, kitu ambacho mimi sikuwa nimemfanyia yule mtu wa Mwamapalala.

“Pole, mayu,” alisema.

“Ee,” mwanamke akajibu.

Mbao zake alizibeba fundi mpaka nje. Binti yangu akalihifadhi jedwali na kuniambia nisogee, nimemzibia mwanga.

Safu ipo. Ina ndiyo, ndio, ee, mama, mtoto, na pole nyingi alizoandika binti yangu. Hatuzisahihishi. Watu wa kodi wakija wakauliza haya ni maneno gani, waniite mimi. Asilimia zao kumi na nane watazikuta zote, na hayo mengine nitawasomea mstari kwa mstari.